Nchi Iliyopitwa na Mabango

Maduka mengi yanayouza vinyago na picha kwa watalii, kuanzia Mji Mkongwe wa Zanzibar hadi Arusha na Nairobi, yana kona ya mabango ya safari ya mtindo wa zamani. Utaona Kilimanjaro iliyochorwa kwa rangi tatu, jahazi la tanga moja mbele ya jua kubwa, au twiga aliyesimama kando ya reli. Mengine ni nakala za mabango halisi ya nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mengine yamechorwa juzi kwa kompyuta, yakapakwa umanjano kidogo ili yaonekane makongwe. Yote yananunuliwa, na wanunuzi hawaendi kukata tiketi ya meli wala ya treni, kwa kuwa kampuni nyingi zilizotajwa humo zimekwisha kufa.

Jambo hilo linazaa maswali mawili. La kwanza ni la sanaa: karatasi iliyochapwa kwa wingi, ikabandikwa stesheni ili iuze nafasi za abiria, kisha ikafunikwa na nyingine baada ya wiki chache, imepataje heshima ya kuwekewa fremu? La pili wauzaji hawaliulizi: mabango haya yalichorwa kwa ajili ya macho ya nani, na yaliacha nini nje ya picha?

Swali la pili huonekana vizuri zaidi mtu akiwa Tunduma, kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia. Ni watu wachache Afrika Mashariki ambao wamepitiwa na safari nyingi kama watu wa eneo hili ambalo tangu mwaka 2016 ni mkoa wa Songwe. Barabara Kuu ya Kaskazini, ile ya ndoto ya Waingereza ya kutoka Cape Town hadi Cairo, iliingia Tanganyika hapa na kuelekea Mbeya, Iringa, Dodoma, Arusha na Nairobi. Baadaye zikaja barabara ya lami ya TANZAM na reli ya TAZARA, zote za kuunganisha Tanzania na Zambia. Hata hivyo, ukipanga mezani mabango maarufu ya safari za Afrika Mashariki, huoni Tunduma, huoni Mbozi, wala huoni Ileje. Unaona mahali pa kuondokea na mahali pa kufikia. Nchi ya katikati imepitwa.

Ufundi uliozaliwa na uhaba

Tuanze na uzuri wenyewe, maana upo. Mabango haya ni matunda ya lithografia, ufundi wa kuchapa kwa jiwe uliobuniwa na Alois Senefelder huko Bavaria mwaka 1796. Mchoraji huchora kwa chaki yenye mafuta juu ya jiwe laini la chokaa, kisha jiwe hulowanishwa. Maji hukimbia palipochorwa na wino hushika hapo hapo, kwa sababu mafuta na maji havipatani. Kila rangi ilihitaji jiwe lake, na karatasi ilipitishwa juu ya jiwe moja baada ya jingine bila kuhama hata kidogo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Jules Chéret wa Paris aliupanua ufundi huo hadi ukatoa mabango makubwa ya rangi yaliyojaza kuta za mji.

Hapo ndipo siri ya uzuri ilipo. Kila rangi iliyoongezwa ilikuwa jiwe jingine, kazi nyingine na gharama nyingine, kwa hiyo mchoraji alilazimika kubana. Anga likawa rangi moja bapa. Mlima ukawa umbo lisilo na majani wala mawe, na kivuli kikawa doa la buluu. Isitoshe, msomaji wa bango alikuwa mpita njia mwenye haraka, anayelitupia jicho mara moja akiwa na mzigo mkononi. Kisichoeleweka papo hapo kilikuwa kimepotea. Uhaba wa rangi na uhaba wa muda vikamfundisha mchoraji kuchagua kitu kimoja na kuacha mia.

Waliofika kileleni mwa ufundi huo wanajulikana. A. M. Cassandre, mzaliwa wa Ukraine aliyefanya kazi Ufaransa, alichora bango la treni ya Nord Express mwaka 1927 akiwa kama aliyelala chini karibu na reli: gurudumu na boila vinakuwa vikubwa mno, na mistari yote inakimbilia kona moja ya mbali. Mwaka 1935 aliichora meli Normandie ikimjia mtazamaji kwa mbele, ukuta wa chuma unaopanda hadi juu ya karatasi. Hamna abiria wala bahari ya kutosha, na bado unahisi ukubwa wa meli kifuani. Maneno nayo hayakubandikwa pembeni kama risiti. Yalijengwa ndani ya picha, yakawa sakafu yake au paa lake.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufundishwa thamani ya picha na maneno kukaa pamoja. Khanga imekuwa ikifanya kazi hiyo Pwani tangu karne ya 19: pindo, mji, na jina moja fupi linalobeba ujumbe mzima. Tofauti ni kwamba khanga huzungumza na jirani, na bango la safari lilizungumza na mgeni aliye mbali.

Picha za kuuza nchi

Katika Afrika Mashariki, bango la safari lilitokana na hesabu. Reli ya Uganda, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901 kutoka Mombasa hadi Kisumu, iliigharimu Uingereza zaidi ya pauni milioni 5. Ilipokamilika haikuwa na mizigo wala abiria wa kutosha, kwa hiyo ilibidi watafutwe. Bango lake mashuhuri la karibu mwaka 1908 liliwaita matajiri wa Ulaya waje kupitisha majira ya baridi katika nyanda za juu, likawaahidi wawindaji na wapenzi wa viumbe kwamba mabehewa yangepita katikati ya wanyama wa kila namna. Ahadi hiyo ilipata mpiga debe wa bure mwaka 1909, Theodore Roosevelt alipopanda treni hiyo na kuketi kwenye benchi lililofungwa mbele ya injini ili aone vizuri.

Baharini hali ilikuwa hiyo hiyo. Kampuni ya Wajerumani ya Deutsche Ost-Afrika-Linie, iliyoanzishwa mwaka 1890, iliunganisha Hamburg na Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar. Union-Castle ya Waingereza ilizungusha meli zake Afrika nzima, na wachoraji waliupenda mwili wake wa zambarau iliyopauka na bomba jekundu, kwa sababu rangi mbili hizo zilitosha kuitambulisha kampuni kabla jina halijasomwa.

Kisha ikaja anga, na hapa Songwe inaingia katika hadithi bila kutajwa. Mwaka 1932 Imperial Airways ilianza kusafirisha barua na abiria kati ya London na Cape Town. Ndege zilitua Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya, kisha Mpika na Broken Hill, ambayo leo ni Kabwe. Atakayenyoosha mstari kwenye ramani kutoka Mbeya hadi Mpika ataona kwamba unakatiza anga la Songwe ya leo. Mwaka huo huo Theyre Lee-Elliott aliibunia kampuni alama ya Speedbird, ndege aliyekatwa kwa mistari michache iliyonyooka, mojawapo ya kazi safi kabisa za usanifu wa karne ile. Mabango ya njia ya Afrika yaliitumia pamoja na ramani, mito na wanyama. Kwa mtazamaji wa London, kati ya kituo na kituo palikuwa na rangi moja bapa, ya kijani au ya kahawia. Wanyiha, Wanyamwanga na Wandali waliokuwa wakilima chini ya rangi hiyo hawakuwa sehemu ya bidhaa. Mwaka 1937 kampuni ilihamia kwenye ndege za kutua majini zilizofuata pwani hadi Durban, na hata Mbeya ikaachwa.

Nani abiria, nani mandhari

Ubaguzi wa mabango haya ulikuwa mtulivu, na kwa sababu hiyo ulifanya kazi vizuri. Mtu mweusi amo, tena mara nyingi amechorwa kwa ustadi, lakini amo kama mpagazi, baharia wa jahazi, au mpiganaji mwenye mkuki kwenye upeo wa macho. Si abiria. Ilhali katika reli zenyewe, walioyajaza mabehewa ya daraja la tatu walikuwa Waafrika waliokuwa wakienda kwenye mashamba ya mkonge, sokoni, kwenye misiba na kutafuta kazi. Bango liliuza daraja la kwanza, na daraja la kwanza lilitaka kuamini kwamba nchi ni tupu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Adrian Allinson. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 aliichorea Empire Marketing Board, bodi ya serikali ya Uingereza iliyofanya kazi kati ya 1926 na 1933, mabango mawili yaliyoandamana kuhusu usafirishaji Afrika Mashariki. Moja lilionyesha mtindo wa kale, wapagazi wakiwa na mizigo kichwani. La pili lilionyesha mtindo mpya, barabara na gari la mizigo. Kwa jicho la sanaa ni kazi nzuri: miili imepangwa kwa mdundo, rangi za udongo zina joto, na jicho linaongozwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa jicho la historia ni hoja ya kisiasa iliyovaa nguo za picha. Inasema kwamba lori ni zawadi ya Dola kwa watu waliokuwa wakiteseka. Haisemi upagazi uliongezwa kiasi gani na ukoloni wenyewe. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya pande zote mbili yalikusanya wapagazi kwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu.

Leo mtu akitaka kuona bango la pili la Allinson likiwa hai, aende Tunduma. Malori ya shaba kutoka Zambia na Kongo, na ya mafuta na bidhaa kutoka bandari ya Dar es Salaam, hupanga foleni hapo. Tangu Oktoba 2019 yanahudumiwa na Kituo cha Pamoja cha Mpakani cha Tunduma na Nakonde. Ila picha imegeuka: mwenye lori aghalabu ni Mtanzania, Mzambia au Msomali, na ubavuni au nyuma ya gari ameandika maneno yake mwenyewe, ya dua, ya kejeli kwa mahasidi au ya sifa kwa mama yake. Mtu aliyechorwa kama mfano wa maendeleo ya wengine amegeuka mwandishi wa bango.

Baada ya bendera kubadilika

Uhuru haukufuta lugha hii ya picha, bali uliibadilishia mwenyewe. East African Airways, iliyoanzishwa mwaka 1946, na East African Railways ziliendelea kutangaza milima, pwani na wanyama hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Mwaka huo Air Tanzania ilizaliwa ikiwa na twiga mkiani, alama inayofuata kanuni ile ile ya Lee-Elliott: umbo moja linalotambulika kwa mbali.

Mabadiliko makubwa zaidi yaliletwa na TAZARA. Mkataba ulitiwa saini Beijing mwaka 1967, ujenzi ukaanza 1970, na reli yote ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa mwaka 1976. Kati ya hizo, 975 ziko Tanzania na 885 Zambia, na stesheni ya mwisho ya Tanzania ni Tunduma. Watu waliiita Reli ya Uhuru, kwa kuwa iliiwezesha Zambia kusafirisha shaba bila kupitia Rhodesia ya Ian Smith. China ya miaka hiyo ilikuwa na utamaduni wake wa mabango: nyuso zinazong'aa, nyekundu nyingi, Mwafrika na Mchina bega kwa bega wakitazama upande mmoja. Si mabango ya safari kwa maana ya kawaida, kwa kuwa hayauzi tiketi. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza katika picha za uchukuzi wa sehemu hizi, Mwafrika alisimama mbele ya chombo akiwa mjenzi. Nayo yalikuwa na uongo wake. Shida haikuonekana, wala hasara, wala vifo vya kazini, wakati Wachina kadhaa waliofia ujenzi huo wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Reli hiyo ilipewa pia bango dogo kuliko yote, yaani stempu: mwaka 1976 posta za Afrika Mashariki zilitoa seti ya stempu za reli, na mojawapo ilikuwa ya TAZARA.

Wakati huo huo, Dar es Salaam ilikuwa imepata mchoraji aliyefikia kanuni za bango kwa njia yake. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Rangi chache, mandhari bapa, mnyama mmoja anayejaza nafasi: uhaba ulimfundisha yale yale uliyowafundisha wachapaji wa Ulaya. Ila wateja wake wa Oyster Bay walikuwa zaidi wageni, na wanyama aliowachora ndio wale waliotangazwa na mabango ya zamani. Mikono ikawa yetu, oda ikabaki ya mgeni. Hilo linatuonya kwamba kubadilisha mchoraji peke yake hakutoshi.

Kupenda au kukataa

Wapo wanaosema uzuri uhukumiwe peke yake: rangi ni rangi, mstari ni mstari, na kampuni zimekufa. Hoja hii ina nguvu, kwa kuwa hatuachi kusifu ngome kwa sababu ilijengwa na mvamizi. Udhaifu wake ni kwamba katika bango uzuri na biashara havitenganiki. Ule utulivu unaotuvutia, nchi pana isiyo na kelele, ulipatikana kwa kuwaondoa watu kwenye picha. Anayesifu utulivu bila kujua hilo amesifu nusu ya kazi.

Wengine wanasema mabango haya ni masalia ya ukoloni, yatupwe. Nao wana haki ya kuudhika, lakini wakiyatupa watapoteza ushahidi. Nyaraka za serikali hueleza sera. Bango huonyesha ndoto iliyokuwa nyuma ya sera, tena kwa uwazi ambao hakuna gavana angeuandika. Mwalimu wa historia akiweka mabango mawili ya Allinson mbele ya wanafunzi wa kidato cha tatu, atafundisha uchumi wa kikoloni kwa kipindi kimoja.

Msimamo wangu ni kwamba ufundi hauna mwenyewe, lakini ahadi ina mwenyewe. Ustadi wa kuchagua kitu kimoja, kubana rangi na kuyapa maneno nafasi ndani ya picha unaweza kuchukuliwa na yeyote. Ahadi ya nchi tupu inayomngoja mgeni ndiyo ya kuachwa.

Kwa bahati mbaya, sasa tumefanya kinyume. Tumeibakiza ahadi na kuutupa ufundi. Mabango yetu ya utalii bado ni simba, Kilimanjaro na ufukwe, kana kwamba nusu ya kusini ya Tanzania haipo. Na yanapochapwa kwa plastiki, hujazwa picha 10 za wanyama, nyuso za viongozi wawili au watatu, nembo za wafadhili, namba nne za simu na kaulimbiu ya mistari mitatu. Mashine haidai jiwe jipya kwa kila rangi, kwa hiyo hakuna anayelazimika kuacha kitu. Dereva anayepita kwa kasi haoni chochote. Fundi wa kuchora vibao kwa brashi, aliyejua kwamba herufi inahitaji hewa, anakosa kazi mtaani huku mashine ikitema urefu wowote unaotaka.

Songwe ina kitu ambacho mchoraji yeyote wa miaka ya 1930 angekililia. Kimondo cha Mbozi, bonge la chuma na nikeli lenye urefu wa takriban mita 3 na uzito unaokadiriwa kati ya tani 12 na 16, kimelala kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Wenyeji walikuwa nacho kabla ya mpimaji W. H. Nott kukiripoti mwaka 1930, na ni miongoni mwa vimondo vizito zaidi vinavyojulikana duniani. Umbo lake ni moja, jeusi, lisilofanana na kingine. Kinachohitajika ni anga la rangi moja, ardhi nyekundu ya Mbozi, na jina. Bango la pili lingekuwa stesheni ya Tunduma, reli ikivuka mpaka hadi kupotea machoni. La tatu, mkulima wa kahawa wa Mbozi akishuka Vwawa akiwa abiria mwenye tiketi yake, si mandhari ya mtu mwingine.

Kazi hii haihitaji mradi mkubwa. Halmashauri za Mbozi na Tunduma, wenye mabasi, wenye nyumba za wageni na shule za sekondari zinazofundisha sanaa zinaweza kuitisha shindano la mabango kwa masharti manne: kitu kimoja, rangi zisizozidi nne, maneno yasiyozidi matano, na marufuku uso wa kiongozi. Bango litakaloshinda libandikwe kituo cha mpakani, ambako watu wa nchi nyingi hungoja kwa saa nyingi bila kuelezwa wako wapi. Kimondo kiko umbali usiofika kilomita 20 kutoka barabara kuu. Malori yanayopita hapo ni mengi kila siku, na madereva wengi hawajawahi kuambiwa kwamba kipo.